Kimbunga kikishapita Mafia, mchango wa kwanza uende wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu wa Mafia tunaoishi Mbagala na Kigamboni. Hidaya ilipopita Mei 2024 tulichangishana nguo, unga na maharage tukapeleka nyumbani. Nguo nyingi hazikuvaliwa na mpaka leo watu wanasemana. Kaka yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba sita Kilindoni. Wageni wake wa Oktoba waliahirisha, wengine wakafuta kabisa, ingawa kwake halikung'oka hata bati moja. Sasa chama kinataka kuwa na akiba ya maafa. Nusu ya wanachama wanasema hela ni ya wahanga tu, nusu wanasema tusaidie utalii urudi kwa sababu ndiyo ajira ya vijana wetu. Nasikia visiwa vya Karibi hupigwa mara kwa mara na watalii wanarudi. Wenzetu wanafanyaje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na huo ubishi wa chama, maana ndimo hela yenu itakamopotelea. Mnabishana kana kwamba mhanga ni mtu mmoja na mfanyakazi wa utalii ni mwingine. Mafia ni mtu yuleyule. Mama anayefua mashuka ya wageni Utende ndiye mwenye nyumba iliyoezuliwa, na nahodha anayewapeleka watalii kuona papa potwe ndiye mwenye boti iliyopasuka ubavu. Mwenye hoteli anaweza kuwasha jenereta siku ya pili yake, lakini mpishi wake anayelala kwenye darasa la shule na wanawe hatakuja kazini. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba shilingi ya kwanza iende kwenye paa la anayefanya kazi na chombo cha anayevua. Hapo mmeshasaidia wahanga, na utalii mmeuinua kwa hela hiyohiyo.

Karibi walijifunza hili kwa gharama kubwa. Kimbunga Maria kilipoipiga Dominica tarehe 18 Septemba 2017 kikiwa daraja la 5, la juu kabisa, hasara ilikadiriwa kuwa asilimia 226 ya pato la mwaka la nchi ile. Hata paa la nyumba ya Waziri Mkuu, Roosevelt Skerrit, liliondoka yeye mwenyewe akiwemo ndani. Kimbunga Ivan kiliipiga Grenada Septemba 2004 na kuharibu karibu nyumba tisa katika kila kumi, pamoja na mashamba ya kungumanga yaliyokuwa yakiiweka nchi ile nafasi ya pili duniani nyuma ya Indonesia. Mkungumanga huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Sisi tunaijua hadithi hii, maana kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Mafia ni kisiwa cha minazi, na mnazi ukianguka mche wake utakupa dafu baada ya miaka sita au zaidi. Wanachama wanaodharau utalii waelezwe hivi: mti haurudi kwa msimu mmoja, mgeni anaweza kurudi.

Anaweza, ikiwa mtaijua kalenda. Angalia tarehe za vimbunga vilivyofika au kukaribia pwani yetu. Cha Unguja mwaka 1872 kilikuja Aprili. Cha Lindi mwaka 1952, Aprili. Kenneth iliyoipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2019 na kuwafanya watu wa Mtwara wahame nyumba zao, Aprili. Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 Mei. Yaani hatari yetu kubwa iko kwenye masika, wakati ambao hoteli nyingi za kisiwani zimefunga au zina wageni wachache, na papa potwe wanaowaleta wageni Kilindoni huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi. Kati ya Hidaya na Oktoba mlikuwa na miezi mitano. Nchi za Karibi hazipati muda huo. Kilele cha vimbunga vyao ni Agosti hadi Oktoba, na msimu wao mkubwa wa wageni unaanza Desemba. Kwa hiyo hamna haja ya kukimbizana na matangazo wiki ya kwanza. Mei na Juni ni miezi ya mapaa, Julai ni ya boti na bahari, Agosti ndipo mnapoanza kuongea na mawakala.

Sasa mapaa, na hapa nitakaa kidogo. Watu wengi wanadhani upepo hulikandamiza paa. Kinyume chake, hulinyanyua. Unaingia chini ya upenu, unapita juu kwa kasi, na bati linavutwa kuelekea angani. Linaloanza kung'oka ni la pembeni na la kwenye kona, na likishafunguka moja upepo unaingia ndani ya nyumba na kusukuma mengine kutoka chini. Nenda katazame nyumba yoyote ya Mbagala inayoezekwa leo. Fundi anabana bati la pembeni kwa nafasi ileile anayobana la katikati, na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ameishikiza ukutani kwa misumari miwili iliyopigwa mshazari. Kwa mvua ya kawaida inatosha. Kwa kimbunga, kenchi nzima inaondoka na papi zake, mbao zinazopigiliwa bati, na mabati yake yote. Dawa yake si ghali: mapaa yafungwe ukutani kwa ukanda wa chuma unaozunguka kenchi na kushuka chini kwenye zege au tofali, misumari iongezwe kingoni na kwenye kona, upenu usiwe mrefu sana, na baraza iwe na paa lake lenyewe ili likiondoka lisiburute la nyumba. Paa la miteremko minne husimama vizuri kuliko la miwili. Visiwa vya Karibi vilivyojenga upya vimeyasisitiza haya.

Kwa hiyo akiba yenu isinunue mabati matupu. Bati lisilofungwa litarushwa tena, na bati linaloruka hukata watu. Nunueni mabati, misumari, ukanda wa chuma na siku za fundi, vyote kwa pamoja. Fundi awe wa Mafia, wasaidizi wawe vijana wa kijiji husika, na walipwe. Kuna viongozi wa vikundi wanaotaka kazi ya kujitolea ili hela iende mbali zaidi. Sikubaliani nao. Mtu aliyepoteza mazao na nyavu anahitaji ujira wa siku kuliko hotuba, na ujira ule jioni unaingia dukani kwa jirani yake.

Nguo zenu hazikuvaliwa kwa sababu zile zile zinazojitokeza kila mahali. Piga hesabu ya nauli mpaka Nyamisati, wapagazi wa kupandisha, nafasi ya mzigo kwenye kivuko, wapagazi tena Kilindoni, gari la kusambaza vijijini, halafu ndani ya robota unakuta suti ya harusi na viatu vya kisigino. Mnaweza kuwa mlitumia hela nyingi kusafirisha kuliko thamani ya kilichosafirishwa. Hata serikali kubwa hukwama. Mwaka 2018, takriban mwaka mzima baada ya Maria, huko Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, zilionekana shehena kubwa za maji ya chupa zimepangwa kwenye kiwanja cha zamani cha ndege huko Ceiba, zinaungua jua. Zilikuwepo, ila hazikufika kwenye mdomo wa mwenye kiu.

Chakula ni kitu kingine, na msije mkaambiwa na mtaalamu yeyote kwamba siku zote hela ni bora kuliko mchele. Inategemea bahari. Bahari ikichafuka, vyombo huzuiwa kusafiri, na wakati wa Hidaya tuliona pia barabara ya kusini ikikatika Somanga na sehemu nyingine za Kilwa. Duka la kisiwani likiishiwa, hela hailiwi. Tena minara ikizimika, au wakala akikosa fedha taslimu, hela ya kwenye simu inabaki namba. Siku hizo za mwanzo chakula kilichokwisha kuwa kisiwani ndicho kinachookoa. Ushauri wangu ni mkubaliane mapema, mwezi wa pili hivi kabla masika hayajaanza, na wenye maduka wawili watatu wa Kilindoni na vijijini: kimbunga kikija, watoe unga, mchele, mafuta na sabuni kwa majina yaliyo kwenye orodha, wao waandike daftarini, ninyi mlipe. Vivuko vikirudi na wakala akipata fedha taslimu, hapo ndipo mtume hela moja kwa moja kwa familia. Mwenye nyumba anajua mahitaji yake kuliko kamati ya Mbagala.

Na msiwasahau kina mama wa mwani na pweza. Kwenye mikutano ya misaada, mvuvi ni mwanamume mwenye boti, basi. Mama wa mwani anahitaji vigingi, kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani), vitu vya bei ndogo mno ukilinganisha na injini ya boti, na akivipata anavuna baada ya wiki sita hivi. Sijui msaada mwingine wa pwani unaorudisha kipato kwa haraka namna hiyo. Kwa mvuvi wa mtumbwi na ngalawa, tumeni pamba ya kalafati (ya kuziba nyufa za chombo), misumari ya boti, nyuzi za kusuka nyavu. Dema, mitego ya samaki, watasuka wenyewe.

Orodha ya majina ipitie serikali ya kijiji na kamati ya maafa, kwa sababu sheria ya menejimenti ya maafa ya mwaka 2022 imezipa kamati hizo, kuanzia taifa hadi kijiji, kazi ya kuratibu. Pia mkizikwepa mtagawa mara mbili pale ambapo Msalaba Mwekundu wameshapita. Lakini orodha ya kijiji ina tundu moja: watu wa dago, yaani kambi za wavuvi. Mvuvi aliyetoka Kilwa, Bagamoyo au Unguja akapiga kambi kisiwani kwa msimu hayumo kwenye daftari la kijiji chochote cha Mafia, na kibanda chake ndicho cha kwanza kuondoka. Kimbunga Dorian kilipoipiga Abaco, Bahamas, tarehe 1 Septemba 2019, mtaa wa The Mudd uliojaa Wahaiti ulifagiliwa wote. Kimbunga Chido kilipofika Mayotte, kisiwa cha Ufaransa karibu na Komoro, Desemba 2024, wahamiaji wasio na vibali waliogopa kwenda kwenye makazi ya dharura wakidhani watakamatwa. Mtumieni mwenyekiti wa wavuvi au BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, awaongeze hawa kwa majina. Watakaolalamika kwamba ni wageni waambieni samaki wao wanaliwa na wenyeji.

Tuje kwa kaka yako. Kilichomfukuzia wageni si upepo, ni habari. Baada ya vimbunga Irma na Maria mwaka 2017, Baraza la Dunia la Usafiri na Utalii lilikadiria kwamba Karibi ilikosa wageni 826,100 mwaka ule na mapato ya dola milioni 741, na sehemu kubwa ya eneo lile haikuguswa na kimbunga chochote. Mtu wa Berlin akisikia kimbunga kimepiga Tanzania hatofautishi Mafia na Mtwara, wala Mtwara na Serengeti. Bahamas walilijibu hili vizuri baada ya Dorian. Hawakusema nchi ni salama. Walitaja visiwa viwili vilivyoumia, Abaco na Grand Bahama, wakasema vingine 14 viko wazi na mgeni akija anavisaidia vile viwili. Grenada vilevile: kimbunga Beryl kiliposambaratisha kisiwa chake cha Carriacou tarehe 1 Julai 2024 na kuharibu karibu majengo yote ya kisiwa kile, kusini mwa kisiwa kikuu, kwenye hoteli nyingi, hali ilikuwa tofauti kabisa, na ilibidi waeleze yote mawili kwa pumzi moja. Ukificha upande mmoja, ama unawakosa wageni, ama unawakosea majirani.

Kaka yako asiandike kwamba "Mafia ni shwari." Wakala wa safari haamini neno hilo, kwa sababu kila aliyepata hasara analisema. Aandike vitu vinavyoweza kuhakikiwa, akiweka tarehe: ndege kutoka Dar zinatua au hazitui, kivuko cha Nyamisati kinafanya safari au la, umeme upo saa ngapi kwa siku, maji ni ya bomba au ya kisima, vyumba vinne kati ya sita viko tayari, safari za visiwa vidogo vya Chole na Juani zimeanza au bado. Picha zipigwe siku hiyohiyo, na moja ionyeshe kilichoharibika. Kisha atume taarifa nyingine baada ya wiki mbili hata kama hakuna jipya. Mawakala humwamini anayetoa taarifa mbaya kwa wakati wake. Mgeni aliyekwisha lipa amana asinyimwe hela yake wala asirudishiwe kwa haraka: apewe kuhamisha tarehe ndani ya mwaka mmoja kwa bei ileile. Wengi hukubali, kwa sababu walitaka kuja.

Watakuja pia wageni wanaotaka kusaidia kwa mikono yao, kupaka rangi shule, kubeba matofali. Wapokeeni kwa heshima, lakini kila ukuta anaopaka mgeni ni siku ya kazi iliyomtoka kijana wa Kilindoni. Waambieni walale kwa bei kamili, wale samaki wa hapo, wachukue muongozaji wa hapo, wakitaka zaidi wachangie mfuko wenu. Na watu waliolala shuleni wasigeuzwe kivutio. Picha za kukabidhi misaada zenyewe zinatosha kuchosha: mfuko mmoja wa sembe, mikono minane juu yake.

Kabla ya mgeni wa kwanza kuingia majini kuna kazi ambayo karibu kila mahali husahaulika, nayo ni maboya ya kufungia boti. Mawimbi ya kimbunga hukata kamba za maboya. Nahodha akifika kwenye mwamba asikute boya, atatupa nanga juu ya matumbawe, ambayo yalishavunjwavunjwa na mawimbi yaleyale. Boti kumi kwa siku kwa mwezi mmoja zinaweza kumalizia ambacho kimbunga kilikibakiza. Ongeeni na watu wa Hifadhi ya Bahari, ambayo ipo tangu 1995 na inatoza kiingilio kwa wageni, wapige mbizi wakague maboya na miamba mapema. Wanaolinda viota vya kasa Juani nao waulizwe, maana Mei ni msimu wa kutaga na kuangua.

Jambo ambalo hukuuliza, na linanipa wasiwasi kuliko yote, ni ardhi. Baada ya Irma kuipiga Barbuda, kisiwa cha nchi ya Antigua na Barbuda, tarehe 6 Septemba 2017, wakazi wake wote, hawafiki 2,000, walihamishiwa Antigua. Ardhi ya Barbuda ilikuwa ya pamoja, haiuzwi, na sheria ya 2007 ilithibitisha hivyo. Wenyewe wakiwa bado ng'ambo, matingatinga yalianza kusafisha eneo la uwanja mpya wa ndege, serikali kuu ikaigeuza sheria ile, na wawekezaji wa mahoteli ya kifahari wakashika fukwe. Wakazi walikwenda mahakamani, na ilibidi wafike mpaka kwa majaji wa Privy Council, mahakama yao ya juu kabisa ya rufaa huko London, mwaka 2024, ili tu wakubaliwe kuwa wana haki ya kulalamika. Mtu aliyeezuliwa nyumba huuza kiwanja cha ufukweni kwa bei ya mabati. Kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mambo ya ardhi ya kijiji yapite kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na mgeni wa nje hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji, kupitia taratibu zake. Chama chenu kiwaombe wazee wa vijijini wakubaliane mapema kwamba mwaka wa maafa hakuna mauzo ya ufukweni. Na anayejenga upya asogee nyuma: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka baharini, na mikoko iliyopo mbele yake aiache.

Mgawanyo wa akiba? Ningeweka nusu kwenye mapaa na vyombo vya uvuvi na mwani, robo kwenye chakula cha siku za mwanzo kupitia maduka, na robo iliyobaki kwenye kazi ndogondogo zinazofungua utalii, maboya yakiwemo, na njia ya kwenda gatini, na vifusi vya ufukweni. Hela ya kumlipia kaka yako hasara ya vyumba isitoke humo. Yeye ana biashara, akate bima. Na asome mkataba kwa makini, kwa sababu bima ya moto peke yake kwa kawaida haifidii upepo mpaka aongeze kipengele cha tufani na mafuriko. Akiongeze sasa, kwani baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kutangaza kimbunga hakuna kampuni itakayomuuzia.

Daftari la akiba libandikwe msikitini Kilindoni na kwenye kundi lenu la simu kila mwezi, kiasi kilichoingia, kilichotoka na jina la duka lililolipwa. Wale waliosemana kuhusu nguo watakuwa wakaguzi wenu wa bure.